Usingizi, Gogo na Ngumi: Sura ya Mfanyakazi katika Michoro ya Magazeti ya Awali ya Harakati za Wafanyakazi, 1885–1917

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulikabili suala la mfanyakazi kwa kupitia maandishi. Katika riwaya ya Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, kwa mfano, mhakiki hujiuliza ni kitu gani kinachomgeuza mchukuzi wa bandari ya Unguja kutoka mtu anayevumilia akawa mtu anayegoma. Swali hilo lilikwisha kuulizwa miongo tisa kabla ya riwaya hiyo kuchapishwa, na watu waliotumia kalamu ya kuchorea badala ya ile ya kuandikia. Hao ni wachoraji wa magazeti ya kijamaa na ya vyama vya wafanyakazi huko Uingereza na Marekani. Makala haya yana lengo la kuichunguza michoro yao, kuanzia ile ya Walter Crane ya mwaka 1885 hadi ile ya Ralph Chaplin ya mwaka 1917.

Hoja ya msingi ni kuwa michoro hii haiwezi kusomwa kama ithibati ya jinsi wafanyakazi walivyokuwa. Isomwe kama majibu ya swali lililowakera wahariri wote wa magazeti hayo: ikiwa wafanyakazi ni wengi na mabepari ni wachache, kwa nini wengi hawainuki? Mchoraji aliyedhani kuwa mfanyakazi amelala alimchora amelala. Aliyedhani kuwa amepumbazwa alimchora ana kichwa cha gogo, na aliyedhani kuwa ametawanyika alichora ngumi. Kila jibu lilimtengenezea mfanyakazi mwili wake, na pamoja na mwili huo likaamua ni nani aingie katika jina la mfanyakazi na ni nani abaki nje.

2.0 Mfanyakazi aliyelala

Walter Crane (1845–1915) alizaliwa Liverpool. Ujanani alifunzwa kazi katika karakana ya William James Linton, mchongaji wa michoro ya mbao ambaye alikuwa pia mshiriki wa harakati zilizodai kura kwa kila mwanamume wa Uingereza katika miaka ya 1838 hadi 1848. Jina la Crane lilijengwa na vitabu vya picha vya watoto, wala si na siasa. Katika miaka ya 1880 aliingia katika ujamaa pamoja na William Morris, akaanza kuyachorea magazeti mawili, Justice na Commonweal. Mwaka 1896, mkutano wa kimataifa wa wajamaa na vyama vya wafanyakazi ulipofanyika London, michoro yake ya miaka kumi ilikusanywa katika kitabu kimoja kiwe kumbukumbu ya mkutano huo.

Mchoro tutakaoanza nao ulitokea katika Justice mwaka 1885. Mwanamume amelala chini, hana habari. Juu yake ametua popo mkubwa anayenyonya damu. Mwilini mwa popo limeandikwa neno ubepari, na katika mbawa zake mmeandikwa unafiki wa dini na siasa za vyama. Kwa upande mwingine anakuja mwanamke mwenye mbawa, amevaa kofia ya uhuru iliyotokana na mapinduzi ya Ufaransa, anapuliza tarumbeta. Huyo ndiye Ujamaa, amekuja kumwamsha mtu asiyejua kuwa analiwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufasiriwa tamathali hii. Msamiati wa kisiasa wa Tanzania baada ya Azimio la Arusha (1967) ulijengwa juu ya unyonyaji: kulikuwa na wanyonyaji, kulikuwa na mirija, kulikuwa na kupe. Asili yake ya kinadharia ni ile ile, kwa kuwa mtaji unaonyonya damu ya kazi hai umo katika Das Kapital (1867) ya Karl Marx. Hata hivyo, tofauti ya wanyama hawa wawili si jambo dogo. Kupe humnyonya ng'ombe aliye macho, anayetembea na kula majani huku akinyonywa, ilhali popo wa Crane anahitaji usingizi. Kwa hiyo katika mchoro wa mwaka 1885 kosa limo pia katika hali ya mfanyakazi mwenyewe, na wokovu unatoka nje yake, tena juu, angani. Mfanyakazi hafanyi tendo hata moja. Anatendewa na popo, kisha anatendewa na malaika.

Miaka sita baadaye Crane alimchora mfanyakazi aliyeamka. Mchoro wake mkubwa wa Mei Mosi ya mwaka 1891, unaohusu ushindi wa kazi, ni maandamano: ng'ombe wanavuta gari, wanaume wamebeba zana za shamba na za ufundi, wamo wanawake na watoto, na mabango yanawataka wafanyakazi wa nchi zote waungane. Ni mchoro mzuri mno, na uzuri huo ndio unaoutilia shaka. Hakuna moshi, hakuna mashine, hakuna mtu mchafu. Watu hawa wanatembea kana kwamba mavuno yamekwisha na karamu inawangoja. Crane, kama alivyokuwa Morris, aliamini kuwa kiwanda kilikuwa kimeiharibu kazi yenyewe, hivyo mfanyakazi aliyekombolewa alipaswa kufanana na fundi na mkulima wa zama za kabla ya viwanda. Mfanyakazi wake ametoka katika wakati uliopita na ameelekea wakati ujao. Wakati uliopo ndio usioonekana.

Na wakati huo uliopo ulikuwa na mambo mazito. Mwezi Agosti 1889 wachukuzi wa bandari ya London waligoma wakidai peni sita kwa saa, na mwezi Septemba wakashinda. Watu hawa walikuwa vibarua kwa maana kamili ya neno hilo: waliajiriwa kwa siku au kwa saa chache, wakasukumana langoni kila asubuhi wakitumaini kuteuliwa. Kiswahili, ambacho kilimwita mtu wa namna hiyo kwa jina la kijikaratasi cha kazi yake, kilikuwa karibu zaidi na ukweli wake kuliko picha ya fundi mwenye nyundo begani. Mgomo uliobadili historia ya vyama vya wafanyakazi vya Uingereza ulifanywa na watu wasio na ufundi wala zana yao wenyewe. Sanaa ya harakati haikuwa na umbo la kuwachora watu wa aina hiyo, kwa sababu mchoro wa wakati ule ulimtambulisha mfanyakazi kwa kitu alichoshika mkononi.

Inafaa pia kuutazama mchoro wa Crane kuhusu mshikamano wa kimataifa wa kazi, wa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880, ambamo wafanyakazi wameshikana mikono kuizunguka dunia, kila mmoja akiwakilisha bara lake. Afrika imo. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, tukikumbuka kuwa mkutano wa Berlin wa kuligawa bara ulikuwa umemalizika mwaka 1885. Lakini Mwafrika amekaribishwa duarani kama bara, wala si kama mtu wa mshahara mwenye tajiri na saa za kazi.

3.0 Malaika na mwenye kifua wazi

Mwaka 1978 mwanahistoria Eric Hobsbawm alichapisha makala juu ya mwanamume na mwanamke katika picha za kijamaa. Aliona kuwa katika karne ya kumi na tisa mwanamke, ambaye tangu Eugène Delacroix alipochora Uhuru akiwaongoza watu (1830) alikuwa sura kuu ya mapinduzi, alififia polepole, na mahali pake pakachukuliwa na mwanamume mwenye kifua wazi na misuli iliyotuna. Hobsbawm alitanabahisha pia kwamba kifua hicho kilikuwa cha uongo. Mfua chuma hafanyi kazi mbele ya tanuri bila kujikinga, na mafundi wengi stadi walijivunia mavazi ya kazi yao. Uchi wa mfanyakazi ulitoka katika studio za uchongaji, haukutoka kiwandani.

Sally Alexander, Anna Davin na Eve Hostettler walimjibu mwaka 1979. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mtu hawezi kuisoma historia ya kazi ya wanawake kutokana na picha, maana wanawake, walioolewa na wasioolewa, waliendelea kufanya kazi viwandani, mashambani na majumbani, waonekane pichani wasionekane. Kwa maoni yetu jibu hili lina nguvu zaidi, ingawa halibatilishi uchunguzi wa kifua wazi. Linatulazimisha kuubadili mwelekeo wa swali: badala ya kuuliza wanawake walikuwa wapi, tuulize mchoro ulikuwa unawafanya nini.

Chukua mwaka 1888. Mwezi Juni, Annie Besant alichapisha katika gazeti dogo la The Link taarifa ya hali ya wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant and May, mashariki mwa London: faini zilizokatwa katika mishahara yao midogo, na fosforasi iliyoozesha mifupa ya taya. Mwezi Julai wafanyakazi wapatao 1,400, wengi wao wanawake na wasichana, waliacha kazi. Walishinda kabla mwezi haujaisha. Hawa hawakulala, wala hawakuwa na mbawa. Lakini mwanamke mashuhuri wa michoro ya miaka iliyofuata ni yule wa shada la maua la Mei Mosi ya mwaka 1895, aliyechorwa na Crane katika gazeti la Clarion: amevaa gauni refu na kofia ya uhuru, ameshika duara la maua lililozungushiwa tepe za madai. Mojawapo ya madai hayo lilikuwa kukomesha kazi za watoto. Mwanamke amepewa kuyabeba madai ya wafanyakazi. Hakupewa kuwa mmoja wa wanaodai.

Tusidhani kuwa ni suala la heshima tu. Gazeti la harakati lilitumika kuajiri wanachama. Msichana wa viberiti aliyeutazama mchoro ule hakuona hata alama moja iliyomwambia kuwa chama hicho ni chake.

4.0 Kichwa cha gogo

Chama cha Industrial Workers of the World, ambacho hapa tutakiita IWW, kiliundwa Chicago mwaka 1905. Kilipinga utaratibu wa vyama vya mafundi stadi na kutaka wafanyakazi wote, bila kujali ufundi, taifa, rangi wala jinsia, waingie katika chama kimoja kikubwa. Wengi wa wanachama wake wa magharibi mwa Marekani walikuwa watu wa kuhamahama: wakata magogo, wavunaji, wajenzi wa reli. Kwa watu kama hao malaika wa Crane asingekuwa na la kusema.

Mwezi Novemba 1912 gazeti la Industrial Worker, lililokuwa likitolewa Spokane, lilianza kuchapisha mfululizo wa vibonzo vya Ernest Riebe. Mhusika wake mkuu ni Bwana Block, na jina lenyewe lina maana ya gogo. Kichwa chake ni kipande cha mti kilichokatwa mraba, na kofia ndogo imeketi juu yake. Bwana Block ana imani na kila mtu. Humwamini wakala wa ajira, humwamini mwajiri, polisi, mwanasiasa, hata viongozi wa vyama vya mafundi. Kila kibonzo huishia na Bwana Block akiwa amepigwa, amefungwa au amebaki na njaa, na katika kibonzo kinachofuata imani yake imerudi kama ilivyokuwa.

Ili kuuelewa ukali wa kejeli hii yafaa kujua kazi ilivyopatikana. Mtu alilipa ada kwa wakala ili apelekwe kambini mbali. Baada ya siku chache msimamizi alimfukuza ili nafasi yake ichukuliwe na mwingine atakayelipa ada, na wakala na msimamizi waligawana fedha hizo. Kwa ajili ya kupinga mawakala hao hadharani, mamia ya wanachama wa IWW walifungwa Spokane katika majira ya baridi ya 1909 na 1910. Hivyo Riebe aliwachorea watu ambao wengi wao walikwisha kulipa ada hiyo kwa mikono yao wenyewe. Kicheko chao kilikuwa na maumivu ndani yake.

Hapa pana mgeuko ambao, kwa maoni yangu, wahakiki hawajaupa uzito unaostahili. Katika magazeti ya awali anayechekwa ni bepari mwenye tumbo, na mfanyakazi huhurumiwa au hutukuzwa. Riebe alimcheka mfanyakazi. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu gazeti lilitolewa na wafanyakazi kwa ajili ya wafanyakazi. Crane asingethubutu, na angethubutu ingekuwa dharau. Mlingano wake katika fasihi yetu ni utani, ambao huruhusu maneno makali baina ya watu wenye uhusiano unaotambulika na kuyafanya matusi kwa mtu wa nje. Tena, Bwana Block ndiye mfanyakazi wa kwanza katika mfululizo wetu mwenye jina na tabia. Yule aliyelala hakuwa na jina, na wenye kifua wazi hawatakuwa nalo.

Kibonzo hiki kilitoka gazetini kikaingia vinywani. Joe Hill alimtungia Bwana Block wimbo, na inasimuliwa katika historia za mgomo wa wavunaji huko Wheatland, California, kwamba mnamo tarehe 3 Agosti 1913 umati ulikuwa ukiuimba wimbo huo wakati askari wa wilaya walipowasili kuutawanya. Watu wanne waliuawa siku hiyo.

5.0 Ngumi moja

Ralph Chaplin (1887–1961) alikuwa mchoraji wa matangazo, mshairi na mhariri. Mchoro wake maarufu zaidi ulichapishwa katika Solidarity, gazeti la IWW, tarehe 30 Juni 1917. Wafanyakazi wengi wamesongamana chini, wameinua mikono, na mikono hiyo yote inakwenda juu ikaungana na kuwa ngumi moja kubwa kuliko wao wote. Hakuna anayekuja kuwaamsha. Kilichokuwa angani katika mchoro wa mwaka 1885 sasa kinatoka ardhini, na ni mkono wao.

Sababu za umbo hili zilikuwa pia za kiufundi. IWW kilikuwa na magazeti ya lugha nyingi, na wanachama wengi hawakusoma Kiingereza. Katika mgomo wa viwanda vya nguo vya Lawrence, Massachusetts (Januari hadi Machi 1912), zaidi ya watu 20,000 wa mataifa mengi waligoma, wakiwemo wanawake wengi, baada ya sheria kupunguza saa za kazi kutoka 56 hadi 54 kwa juma na matajiri kuupunguza mshahara vivyo hivyo. Isitoshe, michoro ya chama ilichapwa pia katika vikaratasi vya gundi vilivyobandikwa kwenye mipini ya zana na mabehewa. Picha ya ukubwa huo haina nafasi ya mabango na tepe za Crane. Lazima ieleweke kwa kupepesa macho mara moja.

Wepesi huo ulikuwa na gharama. Ngumi haina umri wala lugha, na ndiyo sababu iliwafaa watu wa mataifa mengi, lakini mkono uliochorwa ni mkono wa mwanamume, na wasokotaji wa Lawrence wanaingia humo kwa kusahau tu kuwa ni wanawake. Mchoro wa piramidi ya mfumo wa kibepari uliotolewa Cleveland mwaka 1911 ulikuwa mkarimu zaidi: katika tabaka lake la chini kabisa, linalobeba wala karamu, askari, makasisi na watawala, wamo wanaume, wanawake na watoto. Kwa bahati mbaya wamo kama wabebaji. Inaelekea kuwa sanaa ya wakati huo iliweza kumchora mwanamke akiteseka au akipaa, na iliona taabu kumchora akigoma.

Mfano unaokwenda kinyume na mkondo huu ni jalada la jarida la The Masses la New York, la Juni 1914, lililochorwa na John Sloan. Tarehe 20 Aprili mwaka huo kambi ya mahema ya wachimbaji wa makaa waliogoma huko Ludlow, Colorado, ilishambuliwa na kuchomwa moto, na wanawake 2 na watoto 11 walikufa ndani ya shimo walimojificha chini ya hema. Sloan alimchora mchimbaji aliyempakata mtoto aliyekufa huku akifyatua bastola. Mtu huyu amevaa nguo. Ana mahali, ana tarehe, ana maiti mkononi. Kwa hesabu ya uenezaji, mchoro huu ulishindwa na ngumi ya Chaplin, kwa kuwa ngumi yaweza kupelekwa popote na Ludlow ni Ludlow. Kwa hesabu ya ukweli wa kisanaa nauweka mbele ya michoro yote iliyotajwa hapa.

6.0 Mchoro mahakamani

Marekani iliingia vitani Aprili 1917. Septemba 5 mwaka huo, maofisa wa serikali walizivamia ofisi za IWW kote nchini na kuchukua barua, vitabu na michoro. Kesi ilianza kusikilizwa Chicago Aprili 1918 mbele ya jaji Kenesaw Mountain Landis, ikiwa na washtakiwa wapatao 100, Chaplin akiwa mmoja wao.

Miongoni mwa vielelezo vya upande wa mashtaka alikuwa paka mweusi, mchoro ambao Chaplin na wenzake walikuwa wameueneza katika magazeti na vikaratasi vya chama. Waendesha mashtaka walimsoma paka huyo kama wito wa kufanya hujuma, yaani kuharibu mashine na mali. Chaplin, akitoa ushahidi, alieleza kuwa paka huyo alitumiwa kuwakilisha wazo la hujuma, lengo likiwa kumtisha mwajiri. Mwanafunzi wa fasihi atatambua hapa mgogoro wake wa kila siku juu ya maana ya ishara na ni nani mwenye mamlaka ya kuifasiri, isipokuwa kwamba darasani hafungwi mtu. Utetezi wa Chaplin ulikuwa mgumu kwa sababu nguvu ya paka ilikuwa katika kutosema waziwazi. Mwajiri alitakiwa atishike na mfanyakazi acheke, na mchoro mmoja ulipaswa kuyatenda yote mawili kwa pamoja.

Jopo la raia lililotakiwa kuamua hatia halikukaa faraghani hata saa moja. Chaplin alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Ben Fletcher, kiongozi wa wachukuzi wa bandari ya Philadelphia na mshtakiwa pekee Mweusi katika kesi hiyo, alihukumiwa miaka 10. Chama chake cha bandarini kilikuwa kimewaunganisha Weusi na Weupe tangu mwaka 1913, jambo ambalo michoro ya magazeti ya chama ilikuwa ikilionyesha kwa nadra sana.